Jumapili za Kumwona Gaju

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai ya rangi, Melania alisimama mlangoni mwa banda kuwatazama ng'ombe wake watatu wakitembea. Haukuwa mwendo mrefu, ni kutoka wanapolala hadi kwenye hori tu. Lakini bwana mifugo alimfundisha zamani kwamba ugonjwa wa kwato hauanzi kuonekana kwenye kwato, unaanza kuonekana mgongoni. Ng'ombe mzima hutembea mgongo umenyooka. Anayeumia huukunja, huinamisha kichwa kila akikanyaga mguu mbovu, na ukimwangalia kwa makini utaona anauweka ule mguu chini kwa mashaka, kana kwamba ardhi imemkosea.

Asubuhi ile Gaju alikunja mgongo. Melania aliona, akafumba macho, akayafumbua, akaona vilevile.

"Na hili nalo," alisema peke yake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye kiuno kilichoanza kugoma na mikono iliyokatwakatwa na matete. Siku zake zote zilifanana. Kukamua, kusambaza maziwa mtaa mzima wa Gungu kwa miguu, kungoja bodaboda imletee majani kutoka bonde la Luiche, kuyakatakata, kuzoa samadi, kukamua tena. Mtu akimuuliza hali alijibu "nzuri" kwa sababu jibu lingine lingehitaji nguvu ambazo hakuwa nazo. Wapo watu wanaochoka wakapumzika. Melania alikuwa amechoka kwa namna ile nyingine, ya mtu ambaye hata akilala anaamka akiwa amechoka.

Na katika ng'ombe wote, wa kuumwa akawa Gaju!

Gaju alikuwa chotara mwekundu mwenye baka jeupe kwenye kifua, na hakununuliwa. Alitolewa na Mzee Nyabenda, jirani wa mtaa wa pili, aliyevuka kutoka Burundi akiwa kijana na kuzeekea hapahapa Kigoma akiendesha kinu kidogo cha mawese. Mke wa mzee alipougua ugonjwa wa muda mrefu, Melania ndiye aliyekwenda kumwogesha na kumgeuza kitandani mpaka siku Mungu alipomchukua. Baada ya arobaini mzee alifika na mtamba amefungwa kamba mpya shingoni, akaikabidhi kamba mikononi mwa Melania mbele ya watu. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Nimekugabira."

Kwa Warundi, na kwetu Waha pia, mtu akikugabira ng'ombe hajakupa maziwa wala nyama, amekupa undugu. Na undugu huo una heshima zake. Mtoaji ana haki ya kuja kumwona ng'ombe wake wakati wowote. Humuuzi wala humchinji bila yeye kujua. Na siku ng'ombe akizaa jike, ndama yule hurudishwa kwa aliyetoa, akiwa mzima, asiye na kasoro, na hapo ndipo undugu unakuwa umefungwa fundo. Wao huita kwitura. Sasa angalia bahati ya Melania. Gaju alizaa dume. Akazaa dume tena. Mara ya tatu akazaa jike, likafa kabla halijasimama. Miaka ilipita, na mzee hakuuliza hata siku moja, na kule kutouliza ndiko kulikomchosha Melania kuliko angeulizwa kila siku. Safari hii Gaju alikuwa na mimba tena, tumbo limeshashuka, na Melania alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu: jike, tena lililo hai.

Ng'ombe mwenye tumbo kubwa na mguu mbovu hatembei, hali, na siku moja hulala chini asiamke. Melania alilijua hilo vizuri sana.

Alimpigia simu Feliksi, bwana mifugo. Feliksi alifika na pikipiki yake, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi, akapitisha kamba juu ya boriti na kuunyanyua mguu wa nyuma wa Gaju. Alitoa kisu cha kwato, kile kilichopinda ncha, akaanza kuchonga taratibu, tabaka baada ya tabaka, huku wifi yake Melania aitwaye Happiness akimshika Gaju mkia na kulalamika kwamba nguo yake ya kwendea sokoni inaharibika. Mara usaha mweusi ukachuruzika na harufu ikajaa banda zima. Feliksi alichokonoa, akatoa kitu kidogo cheusi chenye ncha kama kigae.

"Hiki nini?"

Melania alikitambua mara moja. Kilikuwa kipande cha ganda la mise.

Huku kwetu anayekamua mawese hubaki na mise, zile kokwa ngumu za ndani ya chikichi. Akishazivunja na kutoa kiini chake, maganda hayatupwi. Watu huyamwaga kwenye njia za uani na mbele ya milango wakati wa masika, na tope lote linakwisha. Mguu wa mtu mwenye kandambili hausikii chochote. Mvua zilipoanza, Mzee Nyabenda aliona banda la Melania limegeuka bwawa, akasikitika kwa ajili ya Gaju, akapakia magunia ya maganda kutoka kinuni kwake na kuja kuyamwaga mwenyewe kwa koleo, mzee wa umri ule, jasho likimtiririka. Tope likakauka. Melania alimshukuru mpaka machozi yakamlenga. Hakuna aliyefikiri kwamba kwato zilizolowana wiki nzima huwa laini, na kwamba ganda la mise likivunjika huwa na makali.

"Fagia yote," Feliksi alisema. "Asikanyage hata moja. Weka mchanga wa ziwani, mkavu. Na mrututu, ile dawa ya buluu, kwenye beseni la maji, wachovye miguu wote watatu asubuhi na jioni, usisubiri mwingine aanze kuchechemea. Ukinisikiliza, mguu huu utapona kabla hajazaa."

Melania alimsikiliza. Yeye na Happiness walifagia siku nzima, wakajaza maganda kwenye magunia na kuyaficha nyuma ya jiko. Mchanga ulikuja na bajaji kutoka Bangwe. Maji ya buluu ya mrututu yakawekwa kwenye beseni, na Gaju, aliyeyachukia mwanzoni, akazoea. Siku chache baadaye mgongo wake ulianza kunyooka.

Kisha ikafika Jumamosi.

Jumapili ilikuwa siku ya Mzee Nyabenda kumwona ng'ombe wake. Akitoka kanisani alikuja moja kwa moja na suti yake ya kahawia, hakukaa kwanza wala kunywa maji, aliingia bandani. Tangu alipomwaga yale maganda alikuwa amepata furaha mpya: alikanyaga, akasikiliza yanavyolia chini ya viatu vyake, akatabasamu. "Pakavu," alisema kila mara. "Gaju sasa analala pakavu."

Melania alikaa Jumamosi nzima na jambo hilo kifuani. Mtu amekuletea zawadi, utamwambiaje kwamba zawadi yake imetoboa mguu wa zawadi yake nyingine? Mzee aliyemwaga jasho lake mwenyewe! Na huyo ndiye mtu ambaye amekusubiri miaka yote hii, hujamrudishia hata ukwato mmoja. Kila alipojaribu kupanga maneno, yalimtoka kama matusi. Ilipofika jioni, alikwenda nyuma ya jiko, akaburuta gunia moja, kisha la pili, akayamwaga maganda juu ya mchanga.

Happiness alimkuta na koleo mkononi.

"Wifi, umerukwa na akili?"

"Ni kwa kesho tu. Akiondoka nafagia."

"Mwambie!"

"Nimwambie nini, Happiness? Kwamba alichonga mwiba akamchoma nao ng'ombe wake?"

"Ndiyo. Kwa heshima, lakini ndiyo. Basi mtoe Gaju nje afungwe kwenye mti."

"Na mvua hii? Atauliza kwa nini nimemtoa pakavu nikampeleka kwenye tope."

Happiness alifyonza. Yeye alikuwa muuza dagaa, na wauza dagaa husema wanachofikiria, tena kwa sauti. "Basi nyinyi na adabu zenu mtakufa nazo," alisema, akaondoka.

Nami nasema alikuwa na haki. Adabu yetu sisi watu wa huku ni nzuri kwelikweli, lakini mara nyingine humlinda anayeweza kujilinda na kumwacha asiye na mdomo. Melania hakuwa mkatili. Alimpenda Gaju kuliko baadhi ya ndugu zake. Alikuwa amechoka tu, na ukweli ni kazi, tena kazi ya ziada kwa mtu ambaye kazi zake hazijaisha.

Jumapili mzee alikuja, akakanyaga, akatabasamu. Baada ya hapo Melania alipaswa kufagia, lakini kiuno kilikuwa kinawaka, maziwa yalikuwa yanangoja, na kufagia kukaahirishwa hadi Jumatatu mchana. Wiki iliyofuata mambo yakawa yaleyale, na iliyofuata pia. Jumamosi kumwaga, Jumatatu kuzoa, na kati yake ng'ombe mwenye mimba amesimama juu ya vigae. Mzee, kwa wema wake, aliona maganda yanapungua, akaleta gunia jingine.

"Yasikuishie, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi.

"Ahsante, Mzee. Mungu akuzidishie," alijibu Melania, na moyo ukamuuma hasa.

Mgongo wa Gaju ukakunjika upya. Sasa hakuwa anachechemea tu. Alisimama kwa miguu mitatu, ule wa nne akiugusisha chini kwa ncha, na alikula kama anayetimiza wajibu. Alikonda mpaka mbavu zikahesabika huku tumbo likizidi kuwa kubwa. Melania aliacha kumtazama asubuhi. Alipita ubavuni na ndoo yake, macho chini, kama anayempita mtu aliyemkosea.

Feliksi alipoitwa tena hakusalimia hata vizuri. Alishika mguu, akaona tundu jipya pembeni mwa lile la zamani, akaona na mchanga uliochanganyika na vipande vyeusi.

"Nilisema nini?"

Melania alianza kuokota vipande vyeusi mchangani.

"Mama Melania, mimi si polisi. Lakini usaha ukifika kwenye kiungo, hapa si kisu cha kwato tena, ni kisu cha bucha. Na ndama atakwenda naye." Alijifuta mikono. "Kuna njia moja imebaki. Ng'ombe ana kucha mbili kila mguu. Iliyooza tuisafishe mpaka ndani, na ile nzima tuibandike kipande cha mbao chini, ili ibebe uzito na hii mbovu ining'inie. Lakini nataka watu wa kumshika, na mimi nina chanjo vijijini wiki nzima. Nitaweza Jumapili tu, mchana."

"Jumapili?" Melania alisema. "Hakuna siku nyingine?"

"Hakuna."

Jumapili ile Feliksi alikuja na kipande cha mbao ngumu alichookota kwa mafundi wa mitumbwi, amekichonga na kukisugua mpaka kikatoshana na ukwato. Kijana mmoja wa bodaboda aliombwa kushika kamba. Gaju alifungwa kati ya nguzo, mguu ukanyanyuliwa. Melania alikuwa ametuma ujumbe kwa mzee kwamba leo hatakuwepo nyumbani. Lakini mzee hakuwa mtu wa kusoma ujumbe wa simu, na hata angesoma, tangu lini ng'ombe akasafiri na mwenye nyumba? Alitokea mlangoni na suti yake ya kahawia.

"Shikamoo Mzee," Melania alisema.

"Marahaba. Amahoro," alijibu, akiongeza salamu ya Kirundi. "Kuna nini hapa?"

"Mguu unamsumbua kidogo."

Mzee hakuuliza zaidi. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaenda kumshika Gaju kichwani. Akaanza kumsemesha kwa Kirundi, polepole, akimsifu kwa majina marefu kama walivyosifiwa ng'ombe wa babu yake, mwekundu asiyeogopa njia, binti wa waliokunywa mto ukapungua. Gaju, aliyekuwa akirusha mateke, akatulia. Feliksi alichonga. Damu ikatoka, usaha ukatoka, na mwisho vikatoka vipande viwili vyeusi, kimoja kirefu. Feliksi, asiyejua lolote la Jumapili, alivinyoosha kwenye kiganja.

"Haya maganda yatamuua. Nilimwambia mama ayatoe tangu mara ya kwanza, kila nikija yamerudi. Sijui anayarudisha nani."

Mzee Nyabenda alikichukua kile kipande. Alikigeuza, akakipitisha kwenye kidole gumba, akaona kinavyokata. Kisha alitazama chini, kwenye sakafu aliyoifurahia.

"Ni ya kwangu," alimwambia Feliksi. Halafu akamgeukia Melania. "Ulijua?"

"Nilijua, Mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kuumwa. Nilikuwa nayafagia. Jumapili nayarudisha ili usi..." Alijifuta uso kwa kanga. "Sikutaka uone vibaya. Sikujua niseme vipi. Nilichoka, Mzee. Nilichoka sana."

Kijana wa bodaboda alijitia kuangalia kamba. Feliksi alipaka gundi kwenye ubao akaukandamiza chini ya ukucha mzima, na wote wakangoja ikauke. Mguu uliposhushwa, Gaju alisimama juu ya ule ubao kwa wasiwasi, kisha akaupa uzito, kidogo, zaidi kidogo, mpaka akasimama kwa miguu minne kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mzee alivaa koti lake. "Mimi ningeudhika siku moja," alisema. "Labda mbili. Kisha ningekuja na fagio. Gaju amesimama juu ya maganda Jumapili zote, ili mimi nicheke." Alifunga kifungo. "Akizaa, hata akizaa jike, usiniletee."

Akatoka. Kwa asiyejua mila maneno hayo yangekuwa msamaha wa deni. Melania aliyajua maana yake, akakaa palepale kwenye mchanga. Kukataa kurudishiwa ni kusema kwamba kati yetu hapakuwa na kitu. Alichokificha wiki zote zile kwa ajili ya kuulinda undugu ndicho kilichouvunja, na hakuwa na wa kumlaumu. Alilia kwa kwikwi, bila aibu, mbele ya bwana mifugo na kijana wa bodaboda, na Gaju akamnusa kichwani.

Maganda yalichomwa moto siku ileile. Mchanga ulibadilishwa mara kwa mara, mrututu haukukosekana, na Melania akarudia kusimama mlangoni asubuhi na kutazama migongo. Gaju alinyooka taratibu. Jumapili zilifika zikapita. Aliandaa chai kila mara, na kila mara aliinywa na Happiness, si na mzee.

Gaju alizaa asubuhi moja ya mvua nyepesi. Melania alimpokea ndama kwa mikono yake, akamfuta utando puani, akainua mguu wa nyuma na kuangalia. Jike! Alikuwa mwekundu kama mama yake, na alikuwa hai, analia. Melania alicheka kwa sauti peke yake bandani. Kisha ndama akajaribu kusimama, na mguu mmoja wa mbele ukakunjika kwenye kifundo, ukwato ukageukia nyuma, akawa anakanyagia mbele ya kifundo. Alianguka, akajaribu tena, ukakunjika tena.

Happiness aliyekuwa pembeni alishika kiuno. "Feliksi atamfunga vijiti, nimeona ndama wa namna hiyo akinyooka," alisema. "Subiri anyooke, ndipo umwambie mzee. Utampelekeaje taarifa ya ndama kilema? Wenyewe hawapokei mwenye kasoro."

Alikuwa amesema lile ambalo mtu yeyote mwenye adabu angelisema, na safari hii hata yeye, muuza dagaa, alilisema kwa kunong'ona. Melania alimlaza ndama kwenye majani makavu. Alinawa mikono ikabaki na harufu ya uzazi, akajifunika kanga na kutoka na ile mvua. Njiani kiuno kilimuuma, na alihisi uchovu wote wa miaka ile umempandia mabegani pamoja, lakini hakupumzika popote.

Mzee Nyabenda alikuwa ameketi barazani na soksi, anasikiliza redio. Alimwona akija, hakuinuka, hakutabasamu. Melania alisimama chini ya ngazi, hakungoja kukaribishwa.

"Shikamoo Mzee. Gaju amezaa jike," alisema. "Lakini ana kasoro. Mguu mmoja umekunjika, hasimami. Huenda akapona, huenda asipone. Hajafika hata saa moja tangu azaliwe, na hakuna mwingine niliyemwambia. Najua ulisema nisikuletee. Sikumleta. Nimekuja kukwambia tu, ujue kama ninavyojua mimi."

Mzee alizima redio. Alimtazama mwanamke yule aliyelowa, mwenye damu kwenye kucha.

"Mguu upi?" aliuliza, huku akipapasa chini ya kiti kutafuta viatu vyake.